Nyoa ndevu kwanza

Nilipopiga simu kuomba miadi ya kumwona daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, nikitaka kuulizia kipandikizi cha kidevu, yaani kipande kinachowekwa mbele ya mfupa ili kidevu kijitokeze, dada wa mapokezi alinipa sharti ambalo sikulitarajia: nije nimenyoa. Si kupunguza, kunyoa kabisa. "Daktari hapimi ndevu, kaka, anapima kidevu," akasema, na nikamsikia akicheka kabla hajakata simu.

Kwa mwanaume mwenye kidevu kifupi, ndevu ni stara. Nilianza kuzifuga chuoni, nilipogundua kwamba zikichongwa vizuri uso wangu nao unapata mwisho wake. Mke wangu amenijua nikiwa nazo. Kinyozi wangu wa Temeke amezichonga miaka yote bila kuniuliza kwa nini nataka ziwe nene mbele na nyembamba pembeni. Siku niliyomwambia aziondoe zote alizima mashine, akanitazama kwenye kioo. "Braza, umefukuzwa kazi au unaoa tena?"

Shangazi yangu ndiye aliyemaliza mjadala. Aliponiona sina kitu alishika shavu langu, akanigeuza upande mmoja na mwingine kama anayenunua papai. "Kumbe wewe ni babu yako mzaa baba mtupu! Hicho kidevu ni cha ukoo, mwanangu. Unataka kukipeleka wapi?"

Swali zuri, na sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la bei, la ukubwa wa kipandikizi na la muda wa kuvimba, maana hayo ndiyo niliyokuwa nimesoma usiku kucha. Hata leo, ndugu na marafiki wanaotaka kufanya jambo hili huniuliza hayohayo. Nami nawarudisha nyuma: kwanza ujue ni nini kinachoufupisha uso wako. Kidevu kinaweza kuonekana kifupi kwa sababu kadhaa, na baadhi ya hizo kipandikizi hakizigusi kabisa.

Nilianzia kwa daktari wa meno. Ushauri huo alinipa rafiki yangu anayetengeneza meno bandia, na mpaka sasa sijapata ulio bora kuliko huo. Kuna mtu ambaye taya lote la chini limekaa nyuma, na kuna mtu ambaye taya liko mahali pake ila ncha ya mfupa wa kidevu ndiyo fupi. Watazame kwa ubavu, watakuchanganya. Tofauti iko mdomoni. Wa kwanza meno yake ya juu yanayatangulia sana ya chini, pengine hata hayakutani akiuma. Wa pili anauma vizuri tu. Wa kwanza ukimwekea kipandikizi, kidevu kitakuja mbele lakini meno yatabaki yalivyo. Na siku akiamua kuvaa nyaya za kunyoosha meno na kusogezewa taya zima, kile kipandikizi kitakuwa kimezidi na huenda kikabidi kitolewe.

Daktari wa meno aliniambia nimeze mate, kisha niume kwa magego bila kufikiria. Akaweka rula ndogo ya chuma mbele ya meno. Kwa kawaida meno ya juu huyatangulia ya chini kwa milimita 2 au 3. Yangu yalizidi hapo kidogo, akasema hilo si la kukata taya. Halafu akauliza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: uliwahi kuanguka na kutua kwa kidevu ukiwa mtoto? Taya la chini linapokua hutegemea sana vile vichwa vyake viwili vilivyo mbele ya masikio. Mtoto akianguka kutoka mwembeni akajigonga kidevu, kichwa kimoja kinaweza kuvunjika na watu wa nyumbani wakashughulika na jeraha la ngozi tu. Miaka ikapita, taya likadumaa, au likaenda upande mmoja, au mdomo ukagoma kufunguka. Akanitaka nipanue mdomo na kuingiza vidole vyangu vitatu kwa wima. Viliingia. Kwa hiyo huko nako tukapafunga.

Alinikuta na gego moja bovu, akalishughulikia kabla ya yote. Kipandikizi kikipitishwa kwa ndani ya mdomo, hutaki kiwe jirani na jino lenye usaha.

Kazi ya pili ilikuwa picha. Simu yangu ilijaa picha za kujipiga mwenyewe, na nilikuwa nimejihukumu kwa hizo. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2018 kwamba picha iliyopigwa sentimita 30 hivi kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 zaidi ya ile iliyopigwa umbali wa mita moja na nusu. Kamera ikiwa karibu hukuza kilicho mbele na kudogosha kilicho nyuma, na kidevu changu ndicho kilicho nyuma. Nilikuwa nauona uso ambao mtu aliyekaa nami mezani hauoni.

Basi mke wangu alinisimamisha kwenye kibaraza, mgongo ukutani, mwanga wa mchana usoni, yeye akarudi nyuma hatua kadhaa na kuvuta picha karibu kwa simu. Mbele, ubavu wa kulia, wa kushoto, robo tatu kila upande, moja nikitabasamu, moja midomo ikiwa imelegea. Alinikemea sana juu ya kichwa. Mtu akiinua uso kidogo tu kidevu hujitokeza chenyewe, nami nilikuwa naufanya ujanja huo bila kujua. Angalia picha zetu za harusi, nimeinua uso zote kama bwana harusi anayesubiri mvua. Picha za waigizaji sikubeba. Nilibeba ya marehemu babu, ya baba akiwa kijana, na ya kwangu ya kidato cha nne, kabla ya ndevu.

Kisha daftari. Ukurasa wa kwanza niliandika ninachotaka, na nilifuta mara nyingi. "Nataka kuwa na sura nzuri" halimsaidii daktari kitu. Mwisho nikabaki na haya: nataka midomo ifunge bila kukaza, na nikitazamwa kwa ubavu kuwe na mpaka kati ya uso na shingo. Ukurasa wa pili ulikuwa wa afya, na hapa wengi wetu huwa tunaficha au tunasahau. Presha, sukari, mzio wa dawa, upasuaji wowote wa zamani. Selimundu (sikoseli): kwetu huku hili si la kuruka, kwa kuwa mwenye ugonjwa huo anahitaji maandalizi ya pekee kabla ya nusu kaputi, na mtu asiyejua hali yake apime. Dawa zote, hata zile tunazonunua dukani bila cheti: asprini, ibuprofeni, diklofenaki ya mgongo. Hizo hufanya damu ichelewe kuganda. Na zile za asili pia, vidonge vya kitunguu saumu na vinginevyo ambavyo mtu hunywa akidhani si dawa. Usiache mwenyewe kimyakimya. Mpe daktari orodha aamue kipi kiachwe na lini. Sigara na shisha nazo ziandikwe. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, kidonda kikakosa chakula, na wapasuaji wengi hutaka uache wiki kadhaa kabla na baada.

Nikaandika pia kisogo changu. Nyuma ya kichwa nina vipele vya mashine ya kunyolea vilivyogeuka makovu magumu yaliyoinuka. Nusura nisiviandike, maana kisogo na kidevu wapi na wapi? Ndicho kitu cha kwanza daktari alichokishika.

Tufike kwake sasa. Mzee wa makamo, mpole, mikono mikubwa. "Shikamoo daktari." "Marahaba, karibu, kaa hapa, usinionyeshe kitu kwanza." Akaniacha nikae tu, tukazungumza juu ya foleni ya Mandela na mvua, na huku anatazama. Baadaye nilielewa: alikuwa anautazama mdomo wangu ukiwa haujui unatazamwa. Ulikuwa wazi kidogo. Aliponiambia nifunge midomo, akanipa kioo cha mkononi. "Tazama kidevu, si midomo." Ngozi ya kidevu ilikuwa imejikunja vidoti vidoti. Ule msuli wa mbele ya kidevu ulikuwa unafanya kazi ya kuusukuma mdomo wa chini juu, kazi ambayo kwa mtu mwingine hufanyika yenyewe. Nimekuwa nikifanya hivyo maisha yangu yote na sijawahi kuuona.

Akachukua rula, akaisimamisha wima kwenye mdomo wangu wa chini, ikashuka. Kwa wanaume, akasema, kidevu hukaribia kuufikia mstari huo. Kwa wanawake hubaki nyuma yake kidogo. Changu kilikuwa mbali nao. Nikamwona anatikisa kichwa, si kwa masikitiko, kwa kukataa. "Lakini rula hii inaanzia kwenye mdomo wako, na midomo yetu iko mbele." Hapo alinieleza jambo ambalo lingenitosha kama ningeondoka bila lingine. Waafrika wengi meno ya mbele ya juu na ya chini huinamia nje na midomo hujaa. Kidevu chenye mfupa wa kutosha kabisa kinaweza kuonekana kimerudi nyuma kwa sababu tu jirani zake wamesogea mbele. Na vipimo vingi vinavyotajwa vitabuni na kwenye programu za simu za kupima uso vilitokana na nyuso za Wazungu. "Nikikupima kwa rula ya Ulaya peke yake," akasema, "nusu ya Kariakoo ni wagonjwa."

Ndiyo maana hakukubali kuhukumu kwa macho. Alitaka eksrei ya kichwa kwa ubavu, inayoonyesha mfupa, meno na ngozi kwa pamoja. Nilienda kupiga, nikarudi nayo, akaiweka kwenye kioo chenye taa. Sehemu ya ninachokiona nikijitazama, akasema, ni midomo, na hiyo hakusudii kuigusa. Sehemu ni mfupa kweli: kidevu kifupi kwenda mbele, na kifupi pia kwa kimo, kutoka meno ya chini hadi ukingo wa taya.

Hicho kimo ndicho kilichobadilisha mazungumzo. Alifungua droo akatoa vipande viwili. Kimoja ni cha silikoni ngumu, kimepinda kufuata taya, katikati kinene na ncha zake zikiishia nyembamba kama jani. Nilikibonyeza, kikarudi. Kingine cheupe, kigumu zaidi, chenye vitundu vidogo mno. Silikoni mwili huizungushia utando, ikabaki kama kitu ndani ya mfuko wake, kwa hiyo ikiharibika inatoka kwa urahisi. Ile ya vitundu nyama huota ndani yake; haihami ovyo, lakini siku ikibidi kuitoa ni kazi. Vyote viwili, akasema, vinasukuma kidevu mbele. Kimo haviongezi kiasi cha kutosha. Na kwa mtu ambaye msuli wa kidevu unakaza muda wote kama wangu, kipandikizi kinabanwa dhidi ya mfupa, na mfupa ulio chini yake unaweza kuliwa polepole, karibu na mizizi ya meno ya mbele.

Njia nyingine ni kuikata ncha yenyewe ya mfupa wa kidevu, kuisogeza mbele na chini, na kuifunga kwa sahani ndogo na skrubu za titani. Hakuna kitu kigeni zaidi ya hivyo vyuma. Ila ni upasuaji mkubwa zaidi, wa nusu kaputi, na uvimbe wake ni wa kuvumilia. Kipandikizi kwa baadhi ya watu huwekwa kwa ganzi na dawa ya kutuliza tu.

Nilikuja kuulizia kipandikizi, nikajikuta nauliza juu ya msumeno. Sikuwa na swali hata moja la msumeno kwenye daftari langu, lakini maswali ya hatari yalifaa kote. Nilimuuliza ganzi ya kudumu inatokea wapi. Akabonyeza kidole chini ya jino la tano kutoka katikati, kila upande. Hapo kuna tundu kwenye mfupa, na mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu unatokea hapo. Ukivutwa au ukiguswa, mdomo unakufa ganzi. Kwa wengi hurudi baada ya wiki au miezi. Kwa wachache haurudi. "Chai itakumwagikia kidevuni usijue mpaka mkeo akwambie. Unaweza kuishi na hilo?" Nilimwomba anipe muda wa kulifikiria, akaandika kitu kwenye faili.

Halafu kisogo. Aliyapapasa yale makovu, akauliza kama sindano ya chanjo begani au kidonda chochote kiliwahi kuvimba hivyo. Kipandikizi kinaweza kupitishwa kwa mkato mdogo chini ya kidevu au kwa ndani ya mdomo wa chini. Mkato wa nje ni safi zaidi, haupiti kwenye bakteria wa kinywa, lakini mtu wa makovu yanayoota huwezi kumwachia alama mahali atakapopitisha wembe kila wiki. Kwangu mimi, akasema, njia yoyote itakayochaguliwa iwe ya ndani. Kwa hiyo kovu la mashine ya kinyozi liliamua mahali pa kisu. Ndiyo sababu nasema usiache kuandika kitu kwa kudhani hakihusiani.

Swali nililolipenda kuliko yote nilipewa na yule rafiki wa meno bandia: daktari, mgonjwa wako ambaye mambo hayakwenda sawa, ilikuwaje? Alijibu bila kukunja uso. Mmoja kipandikizi kilisogea upande, wakarudi chumba cha upasuaji kukiweka sawa. Mwingine alipata usaha, dawa hazikufua dafu, kikatolewa. Daktari anayejibu kwamba kwake hayajatokea, mimi ningeaga. Nikauliza pia nikikitoa baadaye nitarudi nilivyokuwa? Si lazima, ngozi na nyama vilivyotanuka vinaweza kulegea, na mfupa ulioliwa hauoti upya kwa kutamani.

Yeye naye alikuwa na maswali. Kidevu hiki kimeanza kukusumbua lini? Nani alikwambia? Unajitazama mara ngapi kwa siku? Kuna jambo limetokea kazini au nyumbani? Nilijihisi kama niko kwa mpelelezi, lakini naelewa. Mtu anayetaka kidevu kipya ili ndoa ipone, au ambaye akirekebishwa hiki atahamia kwenye pua, hafai kisu.

Mfano wa kinyume ninao. Kabla ya hapo nilituma picha kwa mawakala wawili wa safari za matibabu ya nje. Wote walinipa bei kabla hawajaniuliza kama nina presha, na hakuna aliyetaka kuyaona meno. Shemeji yangu naye alinipa namba ya mtu anayechoma filla, sindano ya kujaza umbo chini ya ngozi, sebuleni kwake. Filla ya asidi ya hayaluroniki inayochomwa na daktari anayejua anachofanya ina nafasi yake, inayeyuka baada ya miezi na ina dawa ya kuiyeyusha. Hata hivyo ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi. Sebuleni kwa mtu, hata hujui kilichomo ndani ya bomba.

Mambo ya karatasi nayapita haraka. Jina la daktari lihakikishe kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na uliza ubingwa wake ni wa nini hasa. Walio Kenya wana baraza lao la madaktari na madaktari wa meno. Uliza kama kipandikizi kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na kama utapewa ile stika yenye namba yake, uihifadhi na vyeti vyako. Bei iandikwe ikiwa imechambuliwa: daktari, chumba, mtaalamu wa usingizi, kipandikizi, dawa, marudio, na nani analipa kikitakiwa kutolewa. Bima yangu haigharamii urembo, wala sikutegemea. Mjomba alitaka nimuulize shekhe kama si kubadili maumbile. Nilimuuliza, akataka kujua kwanza kama nina dhiki au ni kujipamba tu, swali lilelile la daktari.

Tarehe ya upasuaji sikupewa. Kwenye ukurasa wa afya mke wangu alikuwa ameongeza kwa mkono wake: anakoroma sana, wakati mwingine ananyamaza ghafla kisha anashtuka. Daktari alipoisoma hiyo alifunga droo ya vipandikizi. Mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini ana hatari yake kwenye nusu kaputi, na kama njia ya hewa ni nyembamba, kipande kinachokaa mbele ya mfupa hakimsaidii chochote. Huenda hata mjadala wote ukahama kutoka kidevuni kwenda kwenye taya. Akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Miadi hiyo anaifuatilia mke wangu, kwa bidii ambayo hakuwa nayo kwa mambo mengine yote ya kidevu. Mimi nilikuwa nahesabu milimita. Yeye anataka kulala.